Mbwa ana mitoki mwili mzima: nianze prednisoloni au nisubiri mtaalamu wa saratani?

DaktariWaZamu

Wakuu, naomba mawazo ya wanaoshughulika na saratani za wanyama. Mbwa dume aliyehasiwa, miaka 7, kilo 30. Tezi za limfu zimevimba pande zote: chini ya taya, mbele ya mabega, kinenani na nyuma ya magoti. Ni ngumu, hazimuumi zikiminywa, na za nyuma ya magoti zinakaribia yai la kuku. Hana homa, anakula. Ila wiki hii anakunywa maji kupita kawaida yake na kukojoa sana.

Nafasi kwa mtaalamu imepatikana baada ya siku 9. Mwenye mbwa anataka apewe kitu leo. Nikimpa prednisoloni miligramu 2 kwa kilo nitaharibu? Na nitume sampuli gani ili wakimpokea wasianze moja?

---

Darubini

Prednisoloni isitangulie sampuli. Hapo hakuna mjadala.

Steroidi kama hii huua upesi seli za limfoma, yaani saratani ya chembe za limfu tunayoishuku hapa. Ndani ya siku chache tezi zinanywea, mwenye mbwa anafurahi, halafu mtaalamu anachoma sindano na kupata seli zilizokufa zisizosomeka. Ubaya wa pili hauonekani kwa macho: seli zinazobaki hai ni zile zenye pampu ya P-glikoprotini kwenye utando wake, na pampu hiyo hutema nje vinkristini na doksorubisini, yaani dawa zilezile zitakazohitajika baadaye. Mbwa aliyekula steroidi kwa wiki kadhaa kabla ya kemotherapi (tiba ya dawa za saratani) ana nafasi ndogo zaidi ya kuitikia tiba, na akiitikia, ugonjwa hurudi mapema.

Kuchukua sampuli ni kazi ya dakika chache, kwa hiyo fanya leo. Achana na tezi za chini ya taya. Hizo huvimba hata kwa meno mabovu, na utapata mchanganyiko wa uvimbe wa kawaida na saratani. Chukua za nyuma ya goti na za mbele ya bega, mbili tofauti. Kwenye tezi kubwa namna hiyo usilenge katikati, mara nyingi pameoza, lenga pembeni.

Sindano namba 22 au 23, bila kuvuta kwa bomba la sindano. Shika tezi kwa vidole, ingiza sindano tupu, ipeleke mbele na nyuma haraka mara sita hadi nane ukibadilisha mwelekeo, kisha itoe. Chukua bomba la mililita 5 ulilokwisha kulijaza hewa, lichomeke kwenye sindano, upulize juu ya kioo cha hadubini. Weka kioo cha pili juu yake kikiwa bapa na ukivute kwa uzito wake mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakandamiza. Limfosaiti (chembe nyeupe za damu zinazojaa kwenye tezi hizi) ni laini sana, zikibanwa hupasuka na kuacha viini vilivyovurugika kama michirizi ya zambarau, na hakuna mtaalamu wa maabara atakayekusomea michirizi. Tengeneza vioo sita. Vikaushe kwa hewa papo hapo, visiingie kwenye friji (unyevu unapasua seli), na viandike kwa penseli kwa sababu wino huoshwa na rangi.

Paka rangi viwili uvisome mwenyewe. Ikiwa zaidi ya nusu ya seli ni limfosaiti kubwa, kiini kikizidi mara mbili upana wa chembe nyekundu ya damu, limfoma ya seli kubwa ndiyo inayowezekana zaidi. Ukikuta seli za plazma nyingi na mchanganyiko wa kila aina, rudi ufikirie magonjwa ya kupe kama erlikia kabla hujamtamkia mtu neno saratani. Zilizobaki tuma bila rangi. Na tafadhali, vioo visisafiri kwenye boksi moja na chupa ya fomalini. Mvuke wake hupenya hata chupa iliyofungwa, na seli hazishiki rangi tena.

---

Bandama

Nimekubali yote ya Darubini, lakini kilichonishtua ni maji. Mbwa mwenye tezi hizo anayekunywa na kukojoa hivyo, pima kalsiamu leo. Limfosaiti ni za aina mbili, seli B na seli T, na limfoma ya seli T ndiyo inayojulikana kwa kupandisha kalsiamu, na kalsiamu ikikaa juu inaua figo kabla saratani haijafika huko. Tumia damu isiyo na EDTA (kemikali ya kuzuia damu kuganda). Mrija wa EDTA hukamata kalsiamu yote na mashine inakuletea namba ya chini ya uongo, na potasiamu ya juu ya uongo. Kama maabara yako ina kipimo cha kalsiamu ya ayoni (ile iliyo huru kwenye damu), hicho ndicho cha kuaminika. Pima mkojo pia, uzito wake (umekolea kiasi gani) na protini, kabla ya dripu yoyote.

Vaa glavu umpime kwa njia ya haja kubwa. Uvimbe mdogo wa saratani kwenye vifuko vya mkundu nao hupandisha kalsiamu, na mara nyingi hugunduliwa kwa kidole tu.

Kalsiamu ikiwa juu, mwekee dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, siyo Ringa, kwa kuwa Ringa ina kalsiamu. Steroidi itaishusha kweli, lakini mpe baada ya vioo kukauka na kukubaliwa kuwa vinasomeka. Na piga simu kwa mtaalamu, mwambie kuna kalsiamu. Siku 9 zitapungua.

Kuhusu kujua ni seli B au T, wao watataka vipimo vya mtiririko wa seli (mashine inayotambua seli mojamoja kwa alama zake). Sampuli yake ni seli hai ndani ya kimiminika, inasafirishwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, isigande, na ifike maabara ndani ya siku moja au mbili. Ijumaa mchana si siku ya kuituma. Usipoweza, kipimo cha PCR (cha kunakili na kusoma jeni) cha vipokezi vya limfosaiti hufanyika hata kwenye vioo vikavu, ndiyo maana unaambiwa vibaki vingine.

Picha za kifua piga upande wa kushoto, wa kulia, na ya mgongo kwa tumbo. Usimlaze chali kama anahema kwa shida. Ukikuta uvimbe mbele ya moyo umeshapata dokezo jingine la seli T.

---

Mjomba_Vet

Mnaongea kana kwamba kila mwenye mbwa ataenda kwenye kemotherapi. Muulize kwanza. Asipotaka au asipoweza, prednisoloni peke yake ni tiba halali ya kumpa mbwa mwezi mmoja au miwili mizuri, na hakuna wa kumlaumu. Sampuli bado ichukuliwe, maana usije ukampa steroidi mbwa mwenye erlikia. Lakini swali la "unataka tufike wapi?" lije kabla ya bili ya vipimo vya seli.

Ila mwambie na upande wa pili. Kwa mfumo wa dawa nne, mbwa wengi wenye limfoma ya seli B hutulia kabisa na huishi karibu mwaka, baadhi miaka miwili. Ya seli T muda wake ni mfupi zaidi. Kupona moja kwa moja ni nadra.

---

DaktariWaZamu

Asanteni. Prednisoloni imesitishwa, vioo na damu vinachukuliwa leo. Swali la nyongeza: kituo cha mtaalamu kiko mbali, na huwa wanamwachia daktari wa karibu baadhi ya dozi za vinkristini. Cha kuangalia ni nini?

---

Darubini

Kwanza hesabu. Dozi ni kwa eneo la mwili, siyo kwa kilo. Mbwa wa kilo 30 ana takriban mita ya mraba 1. Wa kilo 10 ana karibu 0.47, yaani uzito ni theluthi lakini eneo ni karibu nusu. Vinkristini ya miligramu 0.7 kwa mita ya mraba kwa huyu wako ni kama mililita 0.7 ya chupa ya miligramu 1 kwa mililita. Nukta moja ya desimali ikihama, mbwa anakufa. Watu wawili wahesabu, kila mmoja peke yake.

Siku ya dozi pima damu kwanza. Nyutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) zikiwa chini ya 1,500 kwa maikrolita, ahirisha siku chache kisha upime tena. Huwa zinashuka zaidi takriban siku ya 7 baada ya dawa. Mbwa akilegea siku hizo na joto lake likapita nyuzi 39.4, ni dharura: damu ipimwe, antibayotiki kwa mshipa, usiku huohuo.

Kanyula (mrija mdogo wa kuingiza mshipani) iwe mpya, mshipa uchomwe mara moja tu. Ukikosa, nenda mguu mwingine. Usirudi juu ya tundu lilelile. Pitisha chumvi kwanza uone hakuna uvimbe, sukuma dawa, pitisha chumvi tena. Ikivuja nje ya mshipa, usichomoe kanyula: vuta kwanza kilichomo kwa bomba. Kwa vinkristini weka kitambaa cha uvuguvugu. Doksorubisini ni kinyume, barafu, na deksrazoksani (dawa ya kupunguza madhara yake) ndani ya saa chache. Ila hiyo waachie wenyewe.

Akiwa mbwa wa aina ya Kolli au Mchungaji wa Australia, apimwe jeni la MDR1 (linalotengeneza ile pampu ya P-glikoprotini) kabla ya dozi ya kwanza. Wenye hitilafu hiyo hulemewa na dozi ya kawaida.

---

Bandama

Nyumbani: glavu za kuokotea mkojo, kinyesi na matapishi kwa siku tatu za kwanza, mjamzito asiguse kabisa. Siku ya siklofosfamaidi (dawa nyingine ya kemotherapi) apewe asubuhi, anywe sana na atolewe nje kukojoa mara nyingi, maana dawa ikilala kibofuni inakichubua. Akikojoa damu bila bakteria, dawa hiyo haitarudiwa.

---

PakaTu

Nisaidieni nami kidogo: haya yote yanahamia kwa paka?

---

Mjomba_Vet

Si yote. Kwa paka limfoma hukaa zaidi tumboni kuliko kwenye tezi za nje, na ile ya seli ndogo haitofautishwi na uvimbe sugu wa utumbo kwa sindano. Inahitaji vipande vya utumbo vilivyokatwa unene wote. Tiba yake ni klorambusili (dawa ya saratani) na prednisoloni kwa mdomo, na wengi huenda miaka miwili na zaidi. Vidonge vya klorambusili vinakaa kwenye friji na havikatwi. Dozi hurekebishwa kwa kubadilisha siku. Sisplatini na fluorourasili, dawa nyingine za saratani, usimguse nazo paka: ya kwanza hujaza mapafu maji, ya pili hushambulia ubongo, na zote mbili huua.