USHAURI: Farasi wa qudra (mbio ndefu za uvumilivu), niangalie ukoo wake au nimwangalie farasi mwenyewe?

MwanaBarka:
Assalaam alaykum wadau, habari za saa hizi. Naombeni msaada maana kichwa kishaanza kuniuma. Mimi niko Oman upande wa Barka, farasi nimepanda tangu mdogo ila hizi mbio ndefu za qudra nimeingia juzijuzi tu kwa kupanda farasi wa watu, sasa nataka wangu. Sina haja ya kushindana na mazizi ya masheikh, nataka farasi wa kunimalizisha 80 km, akishakomaa twende 120, na arudi bandani mzima.

Nimepata wawili. Wa kwanza jike, miaka 6, farasi wa Kiarabu halisi, na cheti chake cha ukoo wallahi kinatisha, upande wa baba kuna damu ya Urusi ya kule shamba la kuzalisha la Tersk na lile dume maarufu Persik yumo kizazi cha nne, upande wa mama Misri mtupu. Mzuri mpaka anakera. Tatizo hajaingia mbio hata moja, kazi yake kutembezwa na kupigwa picha.

Wa pili dume aliyehasiwa, miaka 9, Mwarabu naye ila karatasi zake zina majina ambayo hakuna niliyemuuliza anayajua. Huyu kashamaliza 80 zaidi ya mara moja. Sura ya kawaida tu, kichwa kikubwa, sikio moja limechanika. Jike bei yake karibu mara tatu ya huyu!!

Ami yangu kaniambia nunua damu mengine yatakuja yenyewe. Naomba maoni kabla sijatoa pesa.

kisiki_mpingo:
Mtoto wa nyoka ni nyoka mkuu. Beba jike. Hata mbio zikikataa utamzalisha, huyo aliyehasiwa utamzalisha nini?

BintiSur:
Kisiki taratibu bwana, mwenzio kasema anataka kupanda hajasema anafungua shamba la kuzalisha.

Kaka MwanaBarka mimi nipo kwenye zizi la qudra kila siku ya Mungu, nikuambie ninavyoona. Damu ina maana, nani atabisha. Angalia Tevis Cup kule California, maili 100 za milima ndani ya siku moja, ipo tangu 1955, farasi wa kila aina wanaruhusiwa na hata nyumbu wanaingia, lakini mwaka nenda mwaka rudi wanaotawala ni Waarabu na machotara wa Kiarabu. Hilo limeisha. Sasa wewe farasi wako WOTE WAWILI ni Waarabu, kwa hiyo ile faida kubwa ya damu umeshaipata kwa yeyote utakayemchukua, kilichobaki ni ukoo gani ndani ya Waarabu na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Persik alikuwa farasi kweli, kazaliwa Urusi 1969 akapelekwa Ufaransa, na jina lake halikutokana na uzuri wa sura, yeye mwenyewe aliingia mbio ndefu na watoto wake wakaja kuzifanya. Lakini wewe unaambiwa yumo kizazi cha nne. Kizazi cha nne kuna mababu 16, yeye ni mmoja tu kati yao, piga hesabu ni kama asilimia 6. Wale 15 wengine ni nani? Walifanya nini? Muuzaji yeyote akikutajia jina moja la zamani na akanyamaza kuhusu mama mzazi, ujue hana la kusema kuhusu huyo mama.

Mimi cheti nakisoma kuanzia chini sio juu. Naanza na mama. Amewahi kupandwa? Alimaliza mbio au alitolewa na madaktari wa ukaguzi? Ndugu zake waliozaliwa na mama huyohuyo wako wapi, wanakimbia au wamevunjika wakiwa na miaka 7? Kisha baba, kisha bibi. Nikishavuka bibi narudisha karatasi kwenye bahasha. Na ukipata jina la ndugu aliyeshiriki mbio za kimataifa ingia databezi ya FEI (shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi) uliandike, matokeo yako wazi utaona kamaliza ngapi na katolewa ngapi na kwa sababu gani, kuchechemea au mwili kushindwa. Hiyo ndiyo ukoo mimi naujua.

Halafu na hili la Tersk na Poland watu wanalisema nusu. Zile damu zina sifa kwa sababu farasi walikuwa wanapelekwa kwanza kwenye uwanja wa mbio kabla ya kuruhusiwa kuzalisha. Vizazi vitatu vya mwisho vikiwa vimechaguliwa kwa macho makubwa na shingo ndefu ya kwenye maonyesho, hiyo Tersk imebaki jina.

kisiki_mpingo:
Dada basi mbona matajiri wa Ghuba wanatoa mamilioni kwa damu ya Ufaransa? Wote hawana akili?

BintiSur:
Wana akili sana ndio maana wananunua farasi ambaye KASHAMALIZA. Wanawatoa Ufaransa, Uruguay, Australia wakiwa na rekodi mkononi, cheti kinakuja nyuma. Wewe unamshauri mwenzio alipe bei ya rekodi kwa farasi asiye na rekodi.

mnyampaa_halisi:
Niko Singida sina hata punda ila huu uzi siachi

Dkt_Mkwaju:
Naongezea upande wa udaktari. Watu siku hizi wanataka kupima jeni za mbio, ile ya miostatini, inayohusu ukuaji wa misuli, iliyopata umaarufu kwa farasi wa mbio fupi. Kwa Mwarabu hiyo pesa nunua chakula, karibu wote wana ile aina ya masafa marefu kwa hiyo haitakutenganishia huyu na yule. Vipimo vya jeni vyenye maana kwenye ukoo ni vya magonjwa, SCID (mtoto anazaliwa bila kinga ya mwili) na CA (sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo inakufa) na ule wa watoto wanaozaliwa na manyoya ya rangi ya zambarau ambao unatajwa sana kwenye damu ya Misri. Jike anaweza kuwa na nakala moja ya jeni ya ugonjwa na asiumwe maisha yake yote, shida inakuja akikutanishwa na dume mwenye jeni hiyohiyo. Kwa hiyo kama hoja ni kuzalisha kama anavyosema kisiki, vipimo kwanza.

Sasa kwa farasi wa kupanda fanya hivi, ni bure. Mfanyishe kazi, akishapoa kidogo pima mapigo ya moyo. Kisha saisi amshike hatamu ikiwa legevu akimbie naye mita 40 kwenda na 40 kurudi, na dakika moja tangu alipoanza pima tena. Ikirudi ileile au chini yake, moyo na mwili vimetulia. Ikipanda sana kuna kitu, labda uchovu labda maumivu ambayo macho hayajayaona. Kwenye ukaguzi wa mbio wanataka mapigo 64 kwa dakika au chini, na unaweza kufika 64 bado ukatolewa kwa mguu. Wengi mguu ndio unaowatoa, siyo pumzi. Inua kila kwato uangalie kisigino, pitisha mkono nyuma ya mguu wa mbele kutoka goti kwenda chini, kano ziwe baridi na zimebana kama kamba, ukihisi joto au uvimbe mguu mmoja tu, shukuru na uondoke.

Jike wa miaka 6 sio mbaya kiumri, ila mjue ataanzia mbio za kufuzu zenye kikomo cha kilomita 16 kwa saa, na 160 kwa FEI haruhusiwi kabla ya miaka 8. Huyo wa miaka 9 kama 80 zake zimeandikwa kwenye pasipoti umeokoa misimu mizima.

MwanaBarka:
Wadau Allah awalipe. Nimerudi na habari. Wa sikio kapimwa: 58, baada ya kukimbia 56. Miguu ya mbele safi, ila kwato ya nyuma kushoto kisigino kimeshuka, mwenyewe anasema fundi wa viatu aliyepita alimharibu.

Jike nilimuuliza muuzaji kuhusu mama, kasema mama "alikuwa mkali sana". Nikauliza mkali wa mbio? Kanitumia picha ya mama amevishwa shada. Nikaomba jike akimbizwe mbele ya daktari, jibu eti yuko kwenye joto la kutaka dume, nije wiki ijayo. Ami kanuna lakini bado anasema damu haipotei.

kisiki_mpingo:
Hahaha shada. Haya nimenyoosha mikono. Ila wiki ijayo nenda tu, usikae na dukuduku.

Dkt_Mkwaju:
Kisigino kilichoshuka kinaweza kurekebishwa kama mfupa ndani mzima. Piga eksirei ya kwato hiyo kabla ya kulipa, upande mmoja na mbele, na gharama umwambie muuzaji mgawane.

BintiSur:
Na pasipoti uishike mkononi mwako uione mihuri ya hizo 80, sio picha ya WhatsApp. Eksirei ikiwa mbaya nitumie ujumbe, kuna mwingine Suwayq namfahamu, mama yake namfahamu pia.