Kozi za kuchagua: moja kila muhula, zote mwaka wa mwisho, au fani ndogo?

Mpima Maji
Wakuu, salaam. Nasoma biolojia, naingia mwaka wa pili. Nje ya fani nina nafasi ya kozi sita mpaka nimalize. Nimewaza njia tatu: kuchukua moja kila muhula, kumaliza za fani kwanza, hizi zisubiri mwaka wa mwisho, au zote sita kuziweka kwenye takwimu niwe na fani ndogo, yaani ya pili chini ya biolojia. Historia na lugha nazipenda pia. Mngenishauri ipi?

Tabasuri
Ya pili achana nayo kabisa. Kozi nyingi nzuri huwezi kuziingia hujafaulu ya kutangulia, na baadhi hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Ukisubiri, mwaka wa mwisho utakuta zilizo wazi kwako ni za utangulizi peke yake. Na huo ndio mwaka wa mradi wa utafiti.

Msoma Usiku
Mkuu, kabla ya kuchagua njia, angalia aina ya kazi. Watu hutazama jina la kozi na kusahau itawadai nini kila wiki. Biolojia ina maabara, na maabara ina ripoti. Ukiongeza kozi ya programu za kompyuta yenye zoezi kila wiki, utakuwa na kitu cha kukusanya karibu kila siku. Historia ina kurasa nyingi za kusoma, lakini mara nyingi insha ni chache kwa muhula, hivyo unaweza kuanza mapema na kupumua wiki za maabara.

Halafu piga hesabu ya saa. Uzito wa kozi hupimwa kwa krediti. Katika vyuo vya Marekani, krediti moja hukadiriwa kuwa saa moja darasani na mbili za kujisomea kwa wiki, maana yake krediti 15 ni saa 45. Kwenye mfumo wa ECTS wa Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote, na muhula wa kawaida una krediti 30. Maabara ndiyo hudanganya: saa mbili au tatu za kusimama mezani mara nyingi huhesabiwa krediti moja tu.

Dada wa Takwimu
Mimi naitetea fani ndogo. Mwanabiolojia asiyeweza kuchambua data zake humtegemea mtu mwingine kila anapomaliza jaribio. Kozi sita zinazofuatana zitakufikisha kwenye regresheni (kupima jinsi kitu kimoja kinavyobadilika pamoja na kingine) na usanifu wa majaribio. Sita za juu juu hazikufikishi popote. Ila uliza kama takwimu ya lazima ya fani yako itahesabiwa pia kwenye fani ndogo. Kuna vyuo vinakataa.

Tabasuri
Dada, kwa takwimu nakuunga mkono, kwa zote sita hapana. Atamaliza chuo hajawahi kuandika hoja ndefu akaitetea. Ningegawa hivi: kozi tatu za takwimu, mbili za lugha moja, moja ya historia. Lugha iwe mihula miwili mfululizo, maana ukiikatiza muhula mmoja tu unarudi nyuma.

Mpima Maji
Historia naiogopa kidogo. Sijaandika insha tangu sekondari na sitaki wastani wa alama ushuke.

Msoma Usiku
Uliza kama chuo chako kina utaratibu wa kufaulu au kufeli bila daraja. Ukifaulu unapata krediti, na wastani hauguswi. Lakini usiutumie kwa takwimu: mara nyingi kozi ya namna hiyo haihesabiwi kwenye fani kuu wala ndogo. Ijue pia tarehe ya mwisho ya kuchagua utaratibu huo.

Dada wa Takwimu
Na wiki ya kwanza kusanya silabasi zote, uandike tarehe za mitihani na insha kwenye karatasi moja. Kozi mbili zikigongana wiki ileile, badilisha moja kabla dirisha la kubadilisha kozi halijafungwa.

Mpima Maji
Basi muhula ujao naingia na kozi tatu za fani, mbili zikiwa na maabara, pamoja na historia. Takwimu ya kwanza muhula unaofuata, wenye maabara moja. Lugha nitaianza mwaka wa tatu. Kesho namwona mshauri wa masomo, nimuulize habari ya kuhesabiwa mara mbili.