Naomba ushauri: nafungua ofisi yangu ya unasihi peke yangu Mwanza, nianze na nini kabla sijalipa kodi ya pango?

Mnasihi wa Ziwa

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mnasihi, nina digrii ya saikolojia, nimefanya kazi miaka 7 kwenye mradi wa VVU huku kanda ya ziwa, kazi yangu ilikuwa kukaa na watu waliopima wakakutwa nao, walioacha dawa, mke na mume ambao mmoja kaficha majibu miaka mitatu. Mwanzoni mwa 2025 fedha za Marekani ziliposimamishwa mikataba yetu ikaishia hapo, wenzangu wengine wameingia kwenye duka wengine wamerudi kwao, mimi watu wameendelea kunipigia simu na kusema kweli sikuweza kuwaambia sipo. Nimekuwa nawapokea nyumbani sebuleni.

Ila nyumbani haifai. Wiki iliyopita mama mmoja alikuwa ndio kwanza amefika kwenye jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, analia, mwanangu akafungua mlango anaomba hela ya daftari. Yule mama akajifuta uso na khanga, akasema "mpe tu mtoto aende shule", na hakusema tena kitu cha maana mpaka anaondoka. Hajarudi.

Sasa nina akiba milioni 3 na laki 2. Nimepata fremu Nyakato barabarani, laki 2 kwa mwezi, wanataka miezi 6, dalali naye anataka mwezi wake mmoja. Nimepanga makochi mawili, zulia, feni, na bango kubwa la taa liandikwe Kituo cha Afya ya Akili na Ndoa. Naomba mnisaidie, vibali naanzia wapi, bei niweke ngapi, na kama kuna kitu ambacho mtu akianza peke yake huwa anakisahau naomba mniambie mapema, maana nikikosea hii hela sina nyingine.

mpiga hesabu 84

Hongera dada yangu. Mimi nafanya hesabu za watu wadogo wadogo so nitakusaidia upande huo. Jina la biashara unasajili BRELA mwenyewe mtandaoni ukiwa na namba ya NIDA, usimpe kijana wa stationery hela nyingi akufanyie. TIN ya TRA haina malipo. Leseni unaomba kwenye mfumo wa TAUSI wa halmashauri, na mkataba wa pango utahitajika. Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti, nenda kaulize mapema TRA ya wilaya yako usisubiri waje.

Kitu ambacho watu wanakisahau ni hiki, mpangaji wa biashara anatakiwa azuie asilimia 10 ya kodi ya pango aipeleke TRA, na wenye nyumba wengi wakisikia hivyo wanasema hiyo ni yako mimi nataka laki 2 yangu mkononi. Kwa miezi 6 ni laki na ishirini, na kuna ushuru wa stempu wa mkataba juu yake. Hayo yaongelewe kabla hujatoa hata mia, yaandikwe. Na siku taasisi ikikupa kazi ya kuwahudumia wafanyakazi wake watakukata asilimia 5, uwadai cheti cha makato kila mara.

Mzee wa Kirumba

Binti, mimi sio msomi wa mambo hayo ila nimekaa Mwanza tangu 1979. Hilo bango lako lenye neno AKILI, tena la taa, barabarani Nyakato, nani ataingia hapo mchana watu wanamuona? Watu wetu wakisikia akili wanasikia kichaa, wanasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Atakayeingia kwako jioni mtaa mzima una habari zake. Usinielewe vibaya, kazi ni njema sana.

Mnasihi wa Ziwa

Mzee wangu shikamoo. Nimekuelewa, ila naumia kidogo, maana miaka yote tumekuwa tukihubiri watu wasione aibu, sasa na mimi nikificha jina si naungana na hiyo aibu?

Bi Rukia T

Dada naomba nikujibu mimi kama mtu niliyewahi kuwa mteja, sio wa kwako, ni mji mwingine na aliyenihudumia simtaji kwa sababu alinisaidia sana.

Nilikuwa naenda kimya kimya, mume wangu anajua nimeenda kusuka. Siku ya tatu nikalipa kwa lipa namba, sikufikiria chochote. Usiku mume wangu anashika simu anatafuta namba ya fundi, anakutana na meseji ya malipo, na ile meseji inataja jina la biashara lote, kuna neno ushauri na kuna neno ndoa. Akaniuliza unaenda kuwaambia nini watu kuhusu nyumba yangu. Sitasema kilichofuata ila nilikaa mwaka mzima sijarudi pale.

Kwa hiyo kuhusu aibu, wewe kama wewe isimamie huko redioni na kwenye mikutano, sema kila siku kwamba sio aibu. Lakini mteja wako anayeishi na mtu anayekagua simu yake usimbebeshe yeye hiyo vita. Jina liwe la kawaida, la ua, la mti, chochote, ambalo likitokea kwenye simu linaweza kuwa saluni au duka la vitambaa.

Msaikolojia Dom

Bi Rukia asante sana kwa kusema hili, nimelisoma mara mbili. Mimi nina miaka 11 na ofisi yangu mwenyewe Dodoma na jambo hili la meseji nililijua mwaka wa tatu, tena baada ya mteja kuumia.

Dada Mnasihi, umeanza na makochi. Kila mtu anaanza na makochi hata mimi. Naomba uyaweke pembeni kwanza.

Kwanza ukuta. Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa fremu kubwa iliyogawanywa kwa jipsamu, upande wa pili saluni. Siku moja nimekaa na baba mmoja anaeleza jinsi alivyompoteza mtoto wake, anaongea kwa taabu sana, na kule upande wa pili tunasikia kabisa dada anauliza "nikuwekee rasta za elfu nane au za kumi?" Yule baba akaacha kuongea akaangalia ukuta. Kama yeye aliwasikia wao, wao walikuwa wanamsikia yeye. Nilihama mwezi uleule nikapoteza kodi ya miezi minne. Kwa hiyo kabla hujasaini nenda na mtu na redio ndogo, weka redio ndani iongee sauti ya mtu wa kawaida, funga mlango, wewe toka nje kaa kila upande, mlangoni, dirishani, chooni, kwa jirani. Ukisikia maneno yanaeleweka chumba hicho sio chako hata kiwe na vigae vizuri namna gani. Angalia pia mteja anayetoka anapishana wapi na anayeingia, mimi naacha nusu saa katikati, watu wa mji mmoja wanajuana.

Pili karatasi, na hii ndio ningekuwa na uwezo ningemlazimisha kila mtu. Fomu ya ridhaa, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, unaisoma pamoja na mteja siku ya kwanza kabla hajaanza kueleza. Iseme sesheni ni dakika ngapi, bei, akighairi atoe taarifa lini, unaandika nini na unakiweka wapi. Halafu iseme wazi siri inaishia wapi. Ukisema "kila kitu ni siri" unamdanganya. Mtoto akiwa anaumizwa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote mwenye taarifa aitoe, huwezi kukaa nayo, na kuna namba 116 ya bure pamoja na dawati la jinsia na watoto polisi. Mtu akiwa karibu kujiua au kuua, lazima umhusishe mtu mwingine, na mteja ajue hilo kabla, tena mkubaliane palepale atapigiwa nani. Wengi wanaogopa kulisema hili la kujiua kwa sababu Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, so usimuulize kama polisi, muulize taratibu na umueleze utafanya nini na jibu lake.

Mafaili yawe na namba badala ya jina, daftari la kuunganisha namba na majina likae kabati lingine lenye kufuli. Simu ya kazi iwe na laini yake, na umuulize kila mteja: nikikupigia akapokea mtu mwingine niseme mimi ni nani? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, taarifa za afya ya mtu zinahesabiwa nyeti na unatakiwa ujisajili kwa ile Tume yao, ukiwa mtu mmoja na kabati moja bado inakuhusu.

Kuhusu cheo. Una digrii ya saikolojia, jiite mnasihi au mwanasaikolojia kulingana na vyeti vyako, neno kliniki usilitumie kwenye bango wala kadi mpaka umeenda Baraza la Madaktari na wizara na vyeti mkononi ukaambiwa unasimama wapi.

Na uwe na mtu wa kumpelekea mteja ambaye sio wa kwako kumhudumia. Mtu anasikia sauti, hajalala siku tano, huyo anahitaji daktari na dawa. Uko Mwanza una bahati, Bugando wana watu wa magonjwa ya akili, nenda ukajitambulishe kabla hujawahitaji, upate jina na namba. Kumpeleka mtu kwa "nenda Bugando" tu ni kumtupa.

Wanja wa Nakuru

Dada pole na hongera, mimi niko Kenya. Sisi hapa tuna sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014 na bodi yake, ukifungua bila kusajiliwa ni shida. Mahakama Kuu yetu Januari 2025 ilisema kile kifungu cha 226 cha kuadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba, na walioanza kunifungukia ni wengi, kwa hivyo hilo alilosema wa Dodoma la watu kuogopa ni kweli kabisa.

Mimi naongezea moja tu, usikae bila supavisheni, yaani mnasihi mzoefu wa kukusimamia na kukusikiliza. Kwa mradi mlikuwa timu, ukitoka kwa mteja mzito kuna mwenzako hapo kwa korido. Ukiwa solo unaenda na hiyo kitu nyumbani, unapikia watoto na iko hapo. Mimi miezi nane ya kwanza sikuwa na mtu, nikaanza kukasirikia wateja wakichelewa, nikaanza kuomba wasikuje. Sasa kila wiki mbili naongea na mama mmoja mzoefu saa nzima kwa simu na namlipa. Iweke kwa bajeti kama rent.

mpiga hesabu 84

Hapo kwenye bajeti ngoja nirudi. Dada chukua kalamu. Kodi laki 2, umeme na bando elfu 60, huyo msimamizi laki 1, nauli na usafi elfu 80. Hiyo ni laki 4 na 40. Wewe na mtoto kula na ada tuseme laki 6. Jumla milioni 1 na elfu 40 kwa mwezi. Ukitoza elfu 30 unahitaji sesheni 35 kwa mwezi, karibu 9 kwa wiki, na hapo hujaweka wasioweza kulipa ambao nakujua kwa jinsi ulivyoandika utawapokea. Ukimpa dalali na mwenye fremu milioni 1 na laki 4, unabaki na milioni 1 na laki 8, kodi umeshalipa lakini bado unahitaji laki 8 na 40 kila mwezi. Hiyo ni miezi miwili tu, na makochi na bango bado. Mteja wa tisa kwa wiki hatakuja ndani ya miezi miwili.

Usichukue hiyo fremu. Tafuta zahanati binafsi au ofisi ya wakili yenye chumba kinachokaa tupu, omba siku mbili kwa wiki ulipie kwa siku. Na anayeingia zahanati hakuna anayejua kafuata nini.

Msaikolojia Dom

Naunga mkono. Na wasioweza kulipa uwe na nafasi mbili kwa wiki, zikijaa zimejaa, wa tatu anasubiri au unamuelekeza pengine. Nasema hivi kwa sababu nimeona wanasihi wazuri sana wamefunga ofisi kwa huruma, na wateja wao wote wakakosa mtu siku moja.

Mama Askofu

Mimi ni mke wa mchungaji, nisaidie kusema kitu. Watu wanakuja kwetu kwanza, na wengine wanaanza kwa shehe. Usitupite. Njoo ukae na sisi siku moja utufundishe tujue nani tumuombee tu na nani tumuombee halafu tumlete kwako, kwa sababu tumeshakosea, kuna binti tulimfungia mfungo wa siku saba na alikuwa na sonona ya kujifungua.

Mnasihi wa Ziwa

Wapendwa nimerudi, ni siku 12 sasa, sikujibu kwa sababu nilikuwa natembea.

Bi Rukia, ulichoandika kimenibadilisha. Mzee wangu na wewe asante, bango limefutwa, jina nimechagua la mti mmoja wa huku kwetu, halina akili wala ndoa, na nimeshaliombea BRELA.

Fremu ya Nyakato nilienda na mdogo wangu na redio. Nikasimama kwa jirani, ni wakala wa pesa, nikasikia taarifa ya habari yote mpaka bei ya pamba. Yule wakala akaniambia dada hata wewe ukikohoa huko ndani nitakupa pole. Nikamrudia dalali nikamwambia hapana.

Nimepata chumba kwenye zahanati moja, kipo nyuma, ukuta wa tofali, dirisha linaangalia ua, Jumanne na Jumamosi kwa elfu 10 kila siku. Redio haikusikika mlangoni, ilisikika dirishani kidogo so nitaweka pazia zito na feni inayounguruma. Makochi natumia viti vyangu vya nyumbani. Bugando nimeenda, nimekaa kwenye benchi masaa matatu, nimepata jina na namba. Mama Askofu nimekutumia ujumbe inbox.

Yule mama wa khanga nimemtumia meseji moja tu, nimemwambia nimepata sehemu yenye mlango unaofungwa na kwamba siku yoyote atakayotaka nipo. Hajajibu na sitamsumbua.

Nina mambo mawili bado. Natafuta msimamizi mzoefu, hata kwa simu, mwenye kumjua anicheki. La pili, fomu ya ridhaa nimeiandika kwa Kiswahili, nikamsomea bibi mmoja wa Magu, akaniambia mjukuu wangu hayo ni maneno ya mahakamani. Nataka niwe nayo ya Kisukuma ya kumsomea mtu kwa sauti, hasa pale siri inapoishia, maana mimi Kisukuma changu ni cha sokoni. Aliyekulia nacho naomba tukae Jumapili moja tuiandike.