Naomba ushauri: biogesi imechacha, moto hauwaki

Wakuu, habari za huko. Mtambo ni wa kuba, mita za ujazo 6, uko Rungwe upande wa baridi. Ulikuwa unalishwa kinyesi ndoo 2 za lita 20 kwa siku na maji kiasi hichohicho, jiko likiwaka vizuri. Ikaongezwa pumba ya mahindi kilo 5 kila siku. Baada ya wiki mbili pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, tope limechacha zaidi) imeshuka hadi 6.1. Gesi ipo tele, ila ukisogeza kiberiti mwali unaruka na kuzimika, na tope linanuka kama siki.

Ninavyoelewa, bakteria wa mwanzo huvunja wanga haraka mno na kutoa asidi pamoja na haidrojeni. Kundi la kati hugeuza asidi ya propioniki kuwa asetiki, lakini linaweza tu haidrojeni ikiwa kidogo sana. Wanaoila hiyo haidrojeni ni vijidudu vya methani (gesi yenyewe inayowaka), navyo huzaliana polepole, tena baridi hii inavirudisha nyuma. Vikizidiwa, njia yote inaziba hapo, gesi inabaki kabonidayoksaidi kwa wingi.

Kulisha kumesimama. Chokaa naihofia: hufyonza kabonidayoksaidi, presha ikashuka ghafla, na mabonge yake hutuama chini. Nianze na baikaboneti (ile ya kuumulia maandazi), au nimwage kwanza lita 200 za tope hai (lenye vijidudu vinavyofanya kazi) kutoka mtambo mwingine? Na pH ikirudi 7, nilishe robo au nusu ndoo?