Aliyeanza kuigiza utotoni akitaka uprodyuza: njia ya Ron Howard au ya Drew Barrymore?

Uyole_Njiapanda: Wakuu, salaam. Mwigizaji wa hapa Mbeya, alianza mdogo, sasa ana miaka 19 na anataka kuwa prodyuza. Mtaji hana, ila sura inajulikana. Kati ya Ron Howard na Drew Barrymore, Wamarekani walioanza kuigiza utotoni kisha wakaanzisha kampuni zao za filamu, amfuate nani?

Mto_Ruaha: Kamwene. Howard. Watu walimjua tangu 1960, akiwa na miaka 6, kwenye kipindi cha televisheni The Andy Griffith Show, lakini umaarufu huo peke yake haukumpa filamu ya kuongoza. Aliipata kwa kubadilishana: akaigiza Eat My Dust! (1976) ya prodyuza Roger Corman, naye Corman akampa Grand Theft Auto (1977) aiongoze. Kampuni ya Imagine aliyoanzisha na Brian Grazer ilikuja katikati ya miaka ya 1980, wakiwa wameshafanya pamoja Night Shift na Splash.

Kwa hapa, akubali malipo pungufu ya uigizaji, abadilishane na nafasi ya msaidizi wa prodyuza kwenye filamu hiyohiyo. Mkataba utaje cheo, idadi ya siku na jina lake kutokea mwishoni mwa filamu. Ahadi ya mdomo haivuki siku ya mwisho ya kupiga picha.

Gangilonga: Mkuu, akina Corman wako wangapi Nyanda za Juu Kusini? Barrymore, yule mtoto wa E.T. (1982), alianzisha kampuni ya Flower Films 1995 na Nancy Juvonen, ambaye si mwigizaji. Hapo ndipo pa kuiga: mmoja ana sura, mwingine anashika mahesabu na mikataba. Filamu yao ya kwanza, Never Been Kissed, ilitoka 1999. Miaka minne! Huku watu wanasajili jina la kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), wanapanga ofisi Mwanjelwa, kodi inamaliza mtaji kabla skripti haijaisha.

Loleza: Na usajili wa BRELA si ruhusa ya kupiga picha. Kibali kinatoka Bodi ya Filamu, na filamu ikikamilika inarudi kwao kukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa. Skripti ipelekwe COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, mapema.

Kabla ya yote, akague mikataba ya utotoni iliyosainiwa na wazazi: haki za picha ni za nani, malipo yaliingia akaunti ipi. Jackie Coogan wa The Kid (1921) alipokua alikuta mama na baba wa kambo wametumia karibu pesa zote, akawashtaki 1938. California ikatunga sheria 1939. Tangu 2000 asilimia 15 ya malipo ya mtoto hufungiwa kwenye akaunti mpaka afike 18.

Uyole_Njiapanda: Filamu ya kwanza ipigwe wapi? Tukuyu anaipenda.

Mto_Ruaha: Tukuyu Machi hadi Mei ni kupoteza pesa: mvua ikipiga bati, sauti yote ya ndani inaharibika. Apige Agosti au Septemba, lokesheni mbili zilizo karibu, na atenge asilimia 10 ya bajeti kwa dharura.

Gangilonga: Hata Agosti asubuhi kuna ukungu. Asubuhi aanze na picha za ndani.