Chaja isiyotoka na simu yako: tulio Mtwara na Lindi, tupeane uzoefu

Ndugu zangu, naomba kila aliyewahi kutumia chaja ambayo haikutoka na simu yake aeleze yaliyomkuta, mema kwa mabaya, kwa sababu wengi wetu chaja za awali zilishapotea au kuharibika na sasa tunaishi kwa zile za kwenye meza za stendi. Naanza mimi. Mwezi uliopita nilisahau chaja yangu Dar es Salaam, na nilipofika Mtwara mjini nikanunua nyingine kwa shilingi 4,000, imeandikwa jina lilelile la kampuni iliyotengeneza simu yangu, na muuzaji akaniapia kwamba ni orijino.

Siku mbili za mwanzo sikuona tatizo. Usiku wa tatu nilikuwa namtumia mama fedha huku simu ikiwa kwenye chaji. Nikaandika 20000, nikainua kidole, na sifuri ya tano ikajiandika yenyewe mbele ya macho yangu, kisha ya sita. Nikachomoa waya, kioo kikatulia. Nikachomeka, kikaanza tena kurukaruka. Nilikuwa nimeshajiandaa kununua kioo kipya. Je, ni kioo au ni chaja? Na kama ni chaja, betri yangu itabaki salama?

Fundi simu, Masasi

Kaka, usinunue kioo. Kioo cha simu hutambua kidole kwa kupima mabadiliko madogo sana ya umeme, na chaja isiyochuja vizuri hupitisha msukosuko wa umeme ambao kioo huuchukulia kuwa ni kidole. Wateja huniletea simu za namna hii kila wiki, nami huwaomba kwanza waniletee chaja.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni ampea. Mtu anaogopa kwamba chaja ya ampea 3 itaunguza simu iliyozoea ampea 1, ilhali simu ndiyo inayovuta kiasi inachohitaji, kama vile bomba kubwa lisivyokulazimisha kujaza zaidi ya kikombe chako. Kinachoua simu ni volti. Chaja ya kawaida hupokea volti 230 za ukutani na kutoa volti 5, na kazi yote ya usalama imo katika kuzitenganisha pande hizo mbili. Nilipasua moja ya bei kama hiyo yako, nikakuta njia ya umeme wa ukutani na njia ya kwenda kwenye simu zimepishana kwa nafasi isiyofikia unene wa kucha, transfoma imezungushiwa utepe mwembamba tu, na hakuna fyuzi. Unyevu kidogo ukiingia hapo, na sisi tunajua unyevu wa masika, zile volti 230 zinaweza kufika kwenye waya ulioushika mkononi.

Hilo si la huku peke yake. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima vichwa 400 vya chaja bandia zilizobandikwa jina la Apple, na vilivyofaulu vilikuwa vitatu. Mimi kwa hiyo siogopi chaja ya kampuni nyingine. Naogopa chaja inayodanganya jina lake, maana aliyeanza kwa uongo kwenye ganda hatakuwa mkweli ndani.

Mama wa duka, Newala

Mimi yangu ni ya kobe, ile chaja ya kubana betri ikiwa nje ya simu. Nilikuwa na simu ndogo ya betri inayotoka, tundu lake la chaji likafa, basi nikawa naitoa betri naibana kwenye kobe jioni hadi asubuhi. Baada ya miezi kadhaa mfuniko wa nyuma ulikataa kufunga. Nilipoiweka betri mezani ikazunguka kama pia, tumbo limeinuka pande zote mbili. Kijana wangu alitaka kuitoboa kwa pini ili itoe hewa. Namshukuru Mungu nilikuwa karibu.

Fundi simu, Masasi

Dada, hapo uliokoa nyumba. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kulipuka moto papo hapo. Betri hizo hujaa kwenye volti 4.2 hivi, na ndani ya simu kuna kidhibiti kinachosimamisha chaji betri ikifika hapo. Kobe humruka mlinzi huyo na kugusa betri moja kwa moja, na kobe nyingi za bei rahisi hazijui kuacha kwa wakati.

Mwalimu, Lindi mjini

Niruhusuni niwatetee waliotengwa. Nina mwaka wa tatu natumia chaja ya kampuni isiyohusiana kabisa na iliyotengeneza simu yangu. Niliinunua dukani kwa shilingi 25,000 pamoja na risiti, na simu haijawahi kupata joto la kunitisha. Apple wenyewe waliacha kuweka kichwa cha chaja kwenye boksi mwaka 2020, na Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la chaji la aina moja, USB-C, tangu tarehe 28 Desemba 2024, kwa hiyo kuchanganya chaja na simu za kampuni tofauti ni jambo lililotarajiwa. Chaja nzuri ya kasi huanza na volti 5, na hupandisha hadi 9 baada tu ya simu kukubali. Herufi za CE, alama ya kudai kwamba kifaa kimetimiza masharti ya usalama ya Ulaya, zilizochapwa kwenye ganda sizitegemei, kwa kuwa yeyote mwenye wino anaweza kuzichapa.

Mkazi wa Kilwa Masoko

Sisi tuna mazoea ya kuchomeka chaja za pini mbili za mviringo kwenye soketi zetu za matundu matatu kwa kusukuma tundu la juu na kalamu. Yangu ilikuwa inalegea, inatoa cheche ndogo na sauti ya kukaanga, nami nikaizoea, hadi siku nilipoichomoa nikakuta plastiki ya soketi imegeuka kahawia. Pia ukishika simu yangu ya bati huku umesimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji, unahisi kutekenywa.

Fundi simu, Masasi

Kutekenywa kidogo hutokea hata kwa chaja nzuri za pini mbili, kwa kuwa hazina njia ya ardhi. Kukikuuma au kukikurusha mkono, itoe siku hiyohiyo, lakini zima swichi ya soketi kwanza. Pini za mviringo hazikutengenezwa kwa soketi hizo. Zinagusa kidogo, na palipo na mguso mdogo ndipo joto linapozaliwa. Tafuta ya pini tatu bapa.

Mwanzisha mada

Nimerudi. Jana niliazima chaja ya jirani, nikatumia waya wangu uleule, nikaandika tarakimu kwa dakika kumi nzima bila hata moja kujiongeza, na sasa nimeshanunua ya pini tatu. Ile ya shilingi 4,000 niliitupa kwenye ndoo ya taka, lakini asubuhi nikaikuta imechomekwa sebuleni na simu ya shemeji juu yake. Nimezikunja pini zake kwa koleo.