Oili inadondoka nyuma ya injini, fundi anataka kushusha gia boksi. Nimkubalie?

Kobe wa Barabarani:
Wakuu, naombeni mawazo yenu kabla sijaingia gharama. Gari langu lina miaka 23, petroli, silinda 4, gia za mkono. Mwezi wa pili huu linavuja oili. Nikipima kwa stiki naona inapungua kama nusu lita kila kilomita 1,000. Moshi wa bluu sijauona.

Matone yanaangukia pale injini inapoungana na gia boksi. Fundi aliingia chini, akapapasa kwa kidole, akatoka na hukumu: sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili pale krenki inapotokea nyuma ya injini) imekufa, gia boksi ishuke. Dakika mbili hazikufika.

Kinachonitatiza ni hiki: gari likilala usiku kucha, asubuhi nakuta tone moja au sikuti kitu. Lakini nikitoka safari ya nusu saa, muda si mrefu pana kidimbwi cha ukubwa wa kiganja.

Mzee wa Spana:
Usishushe chochote kwanza. Una hakika ni oili ya injini? Laza boksi safi la karatasi chini ya gari uangalie rangi, kisha unuse. Nyekundu na nyepesi mara nyingi ni ya usukani. Ile nzito yenye harufu kama ya kiberiti ni ya gia boksi, na sili ya shafti ya gia boksi ikivuja hutokea sehemu hiyo hiyo. Halafu klachi vipi, inateleza?

Kobe wa Barabarani:
Nyeusi, sawasawa na iliyoko kwenye stiki. Klachi inashika vizuri tu.

Mpita Njia:
Mimi ningemwaga dawa ya kuziba uvujaji, mambo yakaisha. Zinauzwa za chupa.

Grisi Mkononi:
@Mpita Njia hapana, ndugu yangu. Dawa zile hulainisha na kuvimbisha mpira wa sili uliokauka. Kama panapovuja si mpira, utakuwa umechezea oili bure.

@Kobe, jibu umelitoa mwenyewe bila kujua. Kinachovuja gari likiwa limesimama husukumwa na uzito wa oili tu: gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), nati ya kumwagia. Kinachovuja injini ikizunguka kina presha nyuma yake, basi mshuku filta, swichi ya presha ya oili, na mipira ya sehemu ambazo oili inapita kwa nguvu. Filta nayo ina mchezo wake: ya zamani ikitolewa, mpira wake unaweza kubaki umegandia kwenye injini, mpya ikafungwa juu yake. Inavuja, na mara nyingine inamwaga yote njiani.

Sili ya nyuma haiko kwenye mkondo wa presha, ila siiondoi kwenye orodha. Breza (njia ya kupumulia ya injini) ikiziba, hewa ya ndani ya injini hukosa pa kutokea na kusukuma oili kwenye kila sili iliyochoka. Legeza kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu gari likiwa limesimama. Ikipuliza kwa nguvu, anza na breza.

Na oili haidondoki pale inapotokea. Inashuka, kisha upepo wa mwendo unaipeleka nyuma. Kila kitu huishia pale kwenye gia boksi, ndiyo maana sili ya nyuma inasingiziwa sana. Osha injini ikiwa imepoa, funika altaneta na distributa kwa nailoni, ikauke. Pulizia poda ya mtoto mahali unapopashuku, endesha dakika 10 tu, kisha mulika tochi ukitafuta unyevu ulio JUU kuliko wote.

Mzee wa Spana:
Naongezea: pima oili kila ukijaza mafuta. Taa nyekundu ya dashibodi inaonyesha presha, haionyeshi kiwango. Ukisubiri iwake, beringi zimeshaanza kulia.

Kobe wa Barabarani:
Wakuu, nimerudi. Kifuniko hakikupuliza. Niliosha jana, leo nimepaka poda. Injini ilisimama sailensa robo saa, pakavu kabisa, nikaanza kukata tamaa. Nimezunguka dakika 10, kurudi nakuta mchirizi mweusi kwenye poda nyuma ya bloku, unaanzia kwenye kile kiswichi kidogo juu ya filta. Nikavuta waya wake: soketi imejaa oili! Inapita katikati ya swichi yenyewe, inafuata waya, inadondokea kwenye gia boksi.

Grisi Mkononi:
Badilisha hiyo. Usiikaze kwa nguvu zako zote, na usiishindilie silikoni, kipande kikiingia ndani kinakwenda kuziba njia ya oili. Soketi nayo isafishe.

Dada wa Boneti:
Mwambie fundi wako hata kile kitundu cha chini ya kava la klachi hakukiangalia. Sili ya nyuma ikifa, oili hutokea ndani ya kava hilo.

Kobe wa Barabarani:
Nimekichungulia dada, vumbi la klachi kavu tu. Swichi nimefunga, leo kilomita 300, boksi chini ni safi na stiki haijashuka. Ila poda imenifichulia jingine: gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) inatoa jasho kona ya nyuma. Haijafika kudondoka. Hiyo naivizia wikiendi.